Nani Anampikia Mzee Osmund

Wenzangu mnaobaki kwenye chumba cha kumbukumbu, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie nilichojifunza kazini. Nimekaa na daftari hili wiki tatu. Kusema kweli nilichojifunza ni kidogo na hakifurahishi. Kama mnataka maneno ya kutia moyo, mwombeni mstaafu mwingine, wapo wengi wanaojua kusema vizuri. Mimi nitawaandikia habari ya sehemu moja tu ya faili la mgonjwa, ile inayouliza mtu anaishi na nani, na nani atamwangalia akirudi nyumbani. Ninyi mnaipita haraka. Nawaelewa, foleni ni ndefu na watu wanakohoa. Vyeo nilivyopata na nilivyokosa sitavitaja, havikumponya mtu.

Nilianza kazi baada tu ya kumaliza kidato cha nne, katika hospitali moja ya huku kwetu milimani ambayo jina lake naliacha. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino vya dada yangu. Chumba cha faili kilikuwa nyuma ya wodi ya wanaume, rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini na ngazi moja iliyokosa kipago cha tatu. Ilipofika saa nne asubuhi viatu vilikuwa chini ya meza, na sikuvivaa tena kazini. Panya walikuwa wengi nao walikuwa wanachagua. Faili lililomwagikiwa uji wodini liliisha kwanza, la mgonjwa asiyekula lilibaki zima.

Aliyenipokea ni Mama Salome Challe, Mnyasa wa Ngumbo, Mwanglikana aliyezungukwa na Wakatoliki. Kazi ilimpandisha kutoka ziwani, na kwa miaka yote aliyokaa huku hakuacha kuilaumu baridi. Alivaa sweta mbili, ya juu ikiwa na vifungo vya rangi tofauti. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga faili kwa namba, kwa sababu huku kwetu ukipanga kwa jina utapata rafu nzima ya akina Ndunguru, rafu ya akina Komba na rafu ya akina Kapinga, na nusu yao wote ni Maria. Alinifundisha kuandika kwa penseli wakati wa mvua, maana unyevu wa chumba kile ulikuwa unasambaza wino hadi namba tatu inaonekana nane. Na alinifundisha swali lake.

Kadi ya mbele ilikuwa na mstari mmoja tu, "Ndugu wa karibu". Mama Salome aliujaza, kisha akafungua jalada la faili na kuandika kwa ndani, kwa penseli, mambo ambayo hakuna mtu aliyemwagiza. "Anapikiwa na jirani. Jirani mwenyewe mjamzito." "Ana watoto saba, wote mbali." "Akikosa gari la kupanda kutoka Mbamba Bay analala stendi." Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Mwanangu, ukimuuliza mtu kama ana ndugu atakwambia anao," alisema. "Nani hana ndugu? Wewe muulize nani anampikia. Hapo atataja mtu, au atanyamaza. Akinyamaza, andika."

Yeye swali hilo lilimtoka bila shida. Watu wa ziwani na sisi wa milimani tunataniana, na utani ulimpa ruhusa ya kusema lolote. Alikuwa anamwambia mzee mzima, "Shikamoo baba. Ninyi mnakula maharage hadi maharage yenyewe yanachoka. Haya, ya jana kayapika nani?" Mzee anacheka, anajibu, na jibu linaingia ndani ya jalada. Mimi ni Mmatengo. Nikisema hivyo hivyo naonekana mtoto asiyefunzwa.

Niwaeleze hapa wale mliotoka mikoa mingine. Ukoo wa Kimatengo unaishi kwenye ntambo yake, yaani mgongo mmoja wa mlima wenye kijito huku na kijito kule, na ardhi hiyo ndiyo wanayolima kahawa na mahindi. Zamani kila ntambo ilikuwa na sengu, mahali pa kula pamoja. Jioni wanaume wa ukoo walikusanyika kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta ugali na kitoweo, wanakula pamoja na kuzungumza mambo yao, na aliyepungukiwa anashiba kwa cha mwenzake bila kuulizwa. Kwa hiyo kumuuliza mzee wa Kimatengo nani anampikia ni kama kumwambia ukoo wake umekwisha. Mimi nililelewa hivyo, na hospitali haikuniondolea.

Baada ya miaka kadhaa ikaja kazi ya namba. Ninyi mmeikuta, sisi ilitushangaza. Kila ugonjwa una namba yake katika kitabu kimoja kinene kinachotumika dunia nzima, nasi kazi yetu ikawa kusoma alichoandika daktari, kama kinasomeka, na kukigeuza namba. Tulipelekwa Songea kwenye semina. Siku ya mwisho mkufunzi akatufungulia kurasa za mwisho za kitabu, za herufi Z, akasema hizi si za magonjwa, ni za maisha ya mgonjwa. Anayeishi peke yake ana namba. Asiye na chakula cha kutosha ana namba. Asiye na wa kumhudumia nyumbani naye ana yake.

Mama Salome alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kumbe hawa watu wanatujua," akasema, na ukumbi mzima ukageuka. Njiani kurudi Mbinga alikuwa anazungumza tu, mapajani ameshika kitabu na mfuko wa usipa wakavu alionunua sokoni. Aliamini kwamba jambo likishapata namba litahesabiwa, na likishahesabiwa wakubwa watashtuka. Nami nilimwamini. Sikuwahi tena kuwa na furaha ya namna ile kwa sababu ya kazi.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo nimelizunguka kwa kurasa hizi zote.

Hospitali yetu ilikuwa na utaratibu wa wagonjwa wa kisukari wenye vidonda wanaoruhusiwa kurudi nyumbani na sindano za kujichoma. Kabla ya daktari kusaini, faili lililetwa kwetu tujaze ile sehemu ya nyumbani, kwa kuwa sisi tulidhaniwa kuwa na muda. Sindano ya sukari haitaki mchezo. Ukiichoma na usile, sukari inashuka, unatetemeka, unachanganyikiwa, unaanguka. Kwa hiyo inataka awepo mtu wa pili, anayepika kwa wakati na anayejua kukutia sukari mdomoni ukianza kutetemeka. Asiye na mtu alibakizwa wodini hadi kidonda kipone na arudi kwenye vidonge. Jibu letu ndilo lililoamua.

Wiki hiyo Mama Salome alikuwa ameshuka Ngumbo kwenye msiba. Nilikuwa peke yangu kwenye dirisha letu la faili walipomleta mzee Osmund Kapinga, aliyefiwa na mke miaka mingi, mkulima wa kahawa, mwenye kidonda mguuni alichojikata kwa jembe akichimba ngoro, yale mashimo ya kilimo chetu, shambani kwake. Alikuwa amevaa koti juu ya nguo za wodi. Alikaa amenyooka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba yangu na babu yangu. Akatabasamu. Alimjua babu, walibeba kahawa pamoja kuipeleka ushirika ujana wao. Tangu hapo sikuwa karani tena, nilikuwa mtoto mbele ya mzee wake.

"Baba, naomba kuuliza. Nyumbani unaishi na nani?"

"Naishi ntamboni kwetu."

"Na chakula, baba?"

"Tunakula sengu. Kama ilivyo."

Aliniangalia kama mtu anayepima iwapo mtoto amefunzwa vizuri. Nami nilifurahi, hilo sitaficha. Kwetu sengu ilikwisha nikiwa mdogo, na nikajiambia kumbe kuna mlima ambako bado ipo. Swali lililofuata lilikuwa mdomoni tayari: mnakula wangapi, baba, na jana kapika nani? Nikalimeza. Nikaandika kwenye karatasi ya mbele, tena kwa wino, kwa kuwa kilikuwa kiangazi: "Msaada wa familia upo."

Daktari alisoma maneno hayo manne. "Vizuri, huyu ana watu," akasema. Muuguzi akamfundisha kuvuta dawa na kuchoma, na kuhifadhi kichupa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, maana umeme kwao haukuwapo. Mzee alishika haraka, alikuwa na akili nzuri. Aliondoka Alhamisi kwa bodaboda, kiboksi cha dawa amekipakata kwa mikono miwili.

Siku ya kumi na mbili alikuja katekista wa kigango cha kwao. Alikuwa ameshika kiboksi kile kile.

"Nimeleta vya hospitali," alisema. "Sindano nyingine hazijatumika. Tumeona si vizuri zikae."

Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi.

"Tumemzika Jumamosi, mama. Tulimkuta amekaa pale sengu. Sindano ya asubuhi alikuwa amechoma. Jiko lilikuwa la baridi, nadhani siku ile mguu ulimzuia kwenda kutafuta kuni."

"Amekaa sengu na nani? Aliniambia wanakula sengu."

"Anakula pale, ni kweli. Kila jioni anafagia, anabeba sahani yake na kigoda, anakwenda kukaa. Tangu mdogo wake afariki yuko mwenyewe. Watoto wawili wapo Tunduru kwenye madini, mmoja Dar es Salaam. Sisi tulikuwa tunapita, tunamsalimia. Hakukudanganya, mama. Mzee wa watu alisema habari ya kwao."

"Nanyi hamkumuuliza nani anampikia?"

"Unamuulizaje mzee kama yule?" alisema.

Hilo hilo ndilo lililonizuia mimi, na mimi nililipwa niulize. Nilisaini kupokea kiboksi. Kisha nikaingia katikati ya rafu, nikashika ngazi, nikalia hadi muuguzi akaja kuuliza kama nimeanguka. Nimesikia watu wakisema kazi yetu ni ya karatasi tu. Mimi najua ilivyo, niliua mtu kwa adabu.

Mama Salome aliporudi nilimwonyesha faili. Nilitaka kuichana ile karatasi.

"Usichane," alisema. "Ukichana hakuna atakayejua tulikosea nini. Fungua jalada, andika."

Niliandika kwa ndani, kwa penseli, jinsi alivyonifundisha: "Alikuwa anakula peke yake. Sikumuuliza. Amefariki nyumbani." Nikaweka jina langu lote, Theopista Ndunguru. Daktari naye alisoma. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba angejua angembakiza wodini wiki tatu, na kidonda kile kingefunga. Ningeshukuru angenigombeza.

Baada ya hapo niliuliza. Niliuliza wazee na watu wa rika langu, akina mama wa ziwani walioshuka basi wakiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na mapadri wastaafu. Nani anakupikia? Jana alipika nini? Asipokuwapo je? Walilalamika kwa katibu wa hospitali kwamba yule mama wa dirishani anauliza watu wanakula nini, utadhani ana chungu ndani. Mjomba wangu alikaa miaka miwili bila kuitikia shikamoo yangu. Nilivumilia. Niliweka namba za Z kwenye kila faili lililostahili, na nikampelekea katibu orodha yake kila mwezi pamoja na taarifa nyingine.

Hapa ndipo mnatarajia niseme mambo yalibadilika.

Fomu ya taarifa ya mwezi ilikuwa na mstari wa malaria, wa nimonia, wa kuharisha. Wa anayeishi peke yake haukuwapo. Nilipouliza wilayani niziweke wapi, ofisa mmoja mpole aliniambia, "Weka kwenye mengineyo, mama." Kwenye mengineyo walikuwamo pia walioumwa na nyuki. Ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa mmoja, na pikipiki yake mara nyingi ilikuwa imeegeshwa kwa kukosa mafuta. Alichukua orodha yangu kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kazi nzuri, na mwezi uliofuata alichukua nyingine. Daktari yule alihamishwa. Waliomfuata walikuwa na wodi zimejaa, na walipoona mgonjwa hana mtu walisikitika, wakambakiza siku mbili, kisha wakahitaji kitanda.

Mama mmoja wa kutoka ziwani, mgonjwa wa moyo, nilimuuliza mwaka wa pili mfululizo. Alikuwa amekonda sana.

"Dada, mwaka jana uliniuliza," alisema. "Nikakujibu hakuna. Ukaandika. Sasa unaniuliza tena, kwani lile la mwaka jana lilikwenda wapi?"

Nilimwambia lipo kwenye faili. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kadi yake, akaenda kukaa kwenye benchi. Wiki ile sikuuliza mtu. Mzee Osmund alikufa kwa kutoulizwa. Hawa walikuwa wanakufa wakiwa wameulizwa, na mimi sikujua tena lipi ni baya zaidi.

Mama Salome alistaafu, akarudi Ngumbo na sweta zake mbili. Tulipigiana simu siku za sikukuu. Mwaka wa tatu alifariki kwa presha, na nilipofika msibani niliona nyumba yake ilivyo, chumba kimoja kimefungwa na cha pili kina kitanda. Miaka yote ile ya kuzungumza kwenye simu sikuwahi kumuuliza yeye nani anampikia. Nilirudi kazini, nikaendelea kuandika, kwa kuwa sikujua kufanya kitu kingine. Msije mkaliita hilo moyo wa kazi.

Mwaka wangu wa mwisho kompyuta zilikuja kweli kweli. Nilipelekwa Mbamba Bay wiki mbili kuwaelekeza watumishi wa zahanati za mwambao kujaza fomu mpya. Nyuma yangu ikafanyika kazi kubwa, mnaijua, wengine mliifanya kwa mikono yenu: faili zote za zamani zikaingizwa kwenye mfumo na chumba kikapatikana kwa ajili ya maabara. Niliporudi nilikuta rafu zimeng'olewa. Nyuma ya chumba cha kufulia shimo la taka lilikuwa bado linafuka moshi.

Nilimuuliza Editha, ambaye ndiye aliyesimamia, na namtaja kwa kuwa ameniruhusu na kwa kuwa hana kosa.

"Mliingiza nini, mama?"

"Karatasi ya mbele, Mama Ndunguru. Ndivyo tulivyoelekezwa."

"Na ndani ya jalada?"

"Ndani kulikuwa na nini?"

Nilimwomba anitafutie Osmund Kapinga. Akaandika jina, wakaja sita, tukampata kwa jina la babu yake. Kwa kuwa alifia nyumbani na hakuna aliyechukua cheti, mfumo haukuwa na habari ya kifo. Tulisoma wote wawili. Hali ya mgonjwa: hai. Msaada wa familia: upo.

"Hilo la pili si kweli," nilisema. "Na la kwanza pia. Libadilishe."

Editha alijaribu. Alijaribu kwa uaminifu, hadi saa ya chakula ikapita. La kwanza lilitaka namba ya cheti cha kifo. La pili lilikuwa limefungwa, maana taarifa iliyotoka kwenye karatasi iliyosainiwa haifutiki bila karatasi nyingine iliyosainiwa, na hiyo nyingine ilikuwa shimoni.

"Pole mama," alisema. "Alikuwa ndugu yako?"

"Alikuwa mgonjwa," nilisema.

Nilistaafu miezi minne baadaye, na ninyi mkanipa vitenge na saa ya ukutani, nashukuru. Sasa mniwie radhi, kuna jambo la kazi lililobaki. Kila Jumatatu mashine inawatolea orodha ya wagonjwa wa kisukari waliokosa kliniki, muwatafute. Kwenye ukurasa wa pili mtakuta Kapinga, Osmund, na pembeni mwandiko wa mashine unaosema ana watu wa kumwangalia. Hayo ni maneno yangu. Msimpangie tarehe nyingine.